Kabla Hujaandika "Malaria" Kwenye Faili

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa wanafunzi wa udaktari, wengi wao mwaka wa kwanza mpaka wa tatu. Waliokuwa zamu na waliokwama na mvua wameniomba niiweke, basi nimeiweka yote kama nilivyoongea. Picha za ukutani nimeziacha, hamjakosa kitu.

Maprofesa wangu mliokaa mbele shikamooni, matroni shikamoo, wadogo zangu mambo vipi? Hiyo poa imetoka kinyonge, mmechoka eeh? Ngojeni mwaka wa nne ndo mtajua kuchoka.

Nimepewa mada niongelee safari ya daktari wa magonjwa ya kuambukiza, kasoma nini, kapitia wapi, anakula nini. Niwaambie mapema tu, kwenye ukoo hii fani haina heshima. Daktari wa moyo akijitambulisha harusini kila mtu anaelewa, wa mifupa anaelewa, wa macho mpaka bibi wa kijijini anamsogelea amweleze shida zake, mimi nikisema natibu magonjwa ya kuambukiza watu wanasogeza viti. Na hospitalini ni hivyohivyo, hatuna kiungo chetu. Moyo una wenyewe, figo ina wenyewe, ubongo una wenyewe. Sisi tunaitwa kote huko. Kidonda cha upasuaji kimegoma kufunga, tunaitwa. Mama kajifungua juzi ana homa haieleweki, tunaitwa. Mtu kalala wodini wiki tatu anachomwa sindano na joto bado 39, hapo sasa ndo wanatukumbuka.

Na tukifika tunakuja na nini? Kamera ya kuingiza tumboni hatuna, kisu hatuna. Tunavuta kiti, tunakaa, tunaanza kumuuliza mgonjwa maswali ambayo wenzetu wote wameyaona hayana maana. Mzee unafuga? Unafuga nini? Nani anakamua? Maziwa mnachemsha? Hiyo ndo kazi yenyewe, na leo nataka muone kwamba hayo maswali yanaokoa watu kuliko dawa nyingi mnazokariri, na ukiyaruka unaua, wala siongezi chumvi.

Lakini tumalize kwanza hili la miaka maana najua ndo limewatoa kitandani Jumamosi. Hapa kwetu MD, shahada ya kwanza ya udaktari, ni miaka 5. Halafu utarajali mwaka 1, unazungushwa tiba, upasuaji, watoto, akina mama. Baraza la Madaktari Tanganyika linakusajili, unaenda kazini. Na hapa nawaomba, msikimbilie kurudi shule, kaa wilayani miaka miwili mitatu uone homa zenyewe kwa macho yako, maana darasani homa zote zimepangwa vizuri kwenye jedwali na wilayani zinakuja zote kwa mpigo saa nane usiku. Kisha MMed, shahada ya uzamili, ya magonjwa ya ndani au ya watoto, miaka 3, hapo ushakuwa bingwa. Ukitaka kubobea kwenye fani yetu ndo unaanza kuhangaika na nafasi, na wengi wetu tumelazimika kuvuka mpaka. Marekani wao baada ya digrii ya kwanza wanakaa chuo cha udaktari miaka 4, magonjwa ya ndani 3, halafu fani yetu 2 au zaidi. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato popote.

Kuna milango ya pembeni pia, msiidharau. Ipo diploma ya tiba za ukanda wa joto, miezi 3, chuo cha London cha usafi na tiba za ukanda wa joto kinaiendesha huku kwetu pamoja na chuo cha udaktari cha KCMC Moshi na Makerere ya Uganda, daktari wa Uingereza anakaa benchi moja na daktari wa kwetu wanaangalia vimelea kwenye hadubini. Yapo na yale mafunzo ya miaka miwili ya epidemiolojia ya uwandani na maabara, yaani kufuatilia ugonjwa unavyoenea, Tanzania yalianza 2008, hao ndo mtawaona wa kwanza kupanda gari mlipuko ukitokea.

Pesa? Mnacheka. Bima inalipa kipimo, inalipa upasuaji, haina mstari wa kumlipa daktari aliyekaa dakika arobaini akimuuliza mtu habari za mbuzi wake. Na sio Bongo tu, hata Marekani programu nyingi za fani yetu zinamaliza mwaka zina nafasi wazi wakati za moyo watu wanapigana vikumbo. Kwa hiyo kama umekuja kwa ajili ya pesa mlango uko pale, hatutakasirika.

Bado mpo? Haya.

Twende Kongo. Kuna mzee anaitwa Jean-Jacques Muyembe, kazaliwa 1942, kamaliza udaktari pale Kinshasa 1969, chuo kilikuwa kinaitwa Lovanium, akaenda Leuven Ubelgiji akachukua udaktari wa falsafa kwenye virusi, 1973 kamaliza. Kijana wa miaka thelathini na moja ana shahada ya virusi, angeweza kubaki Ulaya akala maisha. Akarudi nyumbani.

1976, mwezi wa tisa, taarifa inafika Kinshasa kwamba kuna kijiji kinaitwa Yambuku, kaskazini huko, watu wanakufa kwenye hospitali ya misheni ya masista wa Kibelgiji. Anatumwa yeye. Anafika anakuta hospitali karibu tupu, wagonjwa wamekimbia, wauguzi wengine wameshakufa. Akaanza kutoa damu kwa waliokuwepo, wanasema homa ya matumbo, wengine homa ya manjano, sasa yeye kila akichomoa sindano anaona pale alipochoma damu haikati, inaendelea kutiririka, vidole vyake vyote damu. Glavu hana. Mnajua alifanya nini? Akaenda akanawa kwa maji na sabuni. Basi. Mpaka leo mzee yuko hai, na mwenyewe husema ilikuwa bahati.

Akafanya jambo moja la maana sana, akamshawishi sista mmoja aliyekuwa anaumwa waende naye Kinshasa. Sista alifariki huko lakini damu yake ikawekwa kwenye chupa ya chai yenye barafu, ikapanda ndege ya abiria mpaka Antwerp, kwenye maabara alikokuwepo kijana mwingine anaitwa Peter Piot. Walipofungua barafu imeyeyuka na kichupa kimoja kimepasuka humo ndani. Kichupa kilichobaki ndo kikatoa kirusi kipya, leo tunakiita Ebola, jina la mto wa huko. Watu 318 waliugua, 280 wakafa.

Sasa kwa nini nawasimulia hii? Sio kwa ajili ya kutishana. Nataka mumuangalie mgonjwa wa kwanza. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni, alikuwa ametoka safari ya kuzunguka kaskazini, njiani wakanunua nyama ya porini. Karudi, homa. Pale hospitali wakasema nini? Semeni kwa sauti. Malaria! Akachomwa sindano ya klorokwini. Na hospitali ile sindano walikuwa wanagawa tano tu kila asubuhi kwa wagonjwa wa nje, tano, kwa mamia ya watu, mmoja akichomwa inasuuzwa kwenye maji ya uvuguvugu anachomwa mwenzake. Ebola haikuruka na upepo pale Yambuku. Ilipita kwenye bomba la sindano, ya ugonjwa ambao hakuna aliyeuhakikisha.

Mtasema hiyo zamani, 1976, na ni Kongo porini. Haya turudi nyumbani, Moshi, mjini kabisa, lami ipo. 2007 mpaka 2008 watafiti walikaa hospitali za KCMC na Mawenzi wakawafuatilia wagonjwa wa homa waliolazwa, 870, wakubwa kwa watoto. Madaktari waliokuwa wanawahudumia waliandika malaria kwa watu 528. Zaidi ya nusu. Maabara ikapima yote kwa utulivu, unajua waliokuwa wanaumwa kwa sababu ya malaria walikuwa wangapi? Kumi na nne.

Narudia, maana nimeona kuna mtu anachati. Walioandikiwa malaria 528. Wenye malaria kweli 14.

Hao wengine walikuwa na nini? Wengine bakteria kwenye damu. Wengine chikungunya, ugonjwa ambao dunia iliujua kwa mara ya kwanza hapahapa Tanganyika, uwanda wa Makonde, 1952 kuelekea 1953, halafu sisi wenyewe ndo tukausahau. Na waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo, homa ya mgunda, ugonjwa wa kutupa mimba, homa za kupe, homa ya Q. Hayo magonjwa daktari aliyelaza mgonjwa hakuyaandika, na sio kwamba hakuyasoma chuoni, aliyasoma na mtihani akafaulu. Hakuuliza tu. Ukanda ule nyumba na zizi vinatazamana, ng'ombe wa maziwa yuko mita tano kutoka jikoni, na hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe.

Namna inavyokuwa wodini mnaijua. Mzee wa miaka hamsini na kitu, homa inakuja jioni inaondoka asubuhi, jasho usiku mpaka shuka inabadilishwa, kiuno kinauma hawezi kuinama kufunga viatu, miezi minne sasa. Faili lake ni nene. Ukurasa wa kwanza malaria, kipimo cha haraka hakijaonyesha kitu lakini kapewa dawa mseto. Ukurasa wa tatu typhoid, kapimwa Widal imesoma, kapewa vidonge. Ukurasa wa tano UTI. Halafu typhoid tena. Jamani hii Widal, naomba niseme mbele ya maprofesa wangu wanisahihishe kama nakosea, kipimo kimoja cha Widal kwa mtu aliyeishi Tanzania miaka hamsini hakikwambii kitu cha kutegemea, mwili wake umeshakutana na wadudu wa aina hiyo mara ngapi? Lakini kila zahanati ya mtaani inakipima kwa sababu kinalipiwa na mgonjwa anataka karatasi.

Unavuta kiti. Mzee kazi yako? Mkulima. Unafuga? Kidogo. Kidogo ngapi? Ng'ombe kumi na wawili. Kuna aliyetupa mimba mwaka huu? Hapo mzee anakaa vizuri, anakuangalia. Wawili. Nani alitoa yule ndama aliyekufa? Mimi. Kwa mikono? Sasa kwa nini tena daktari. Na maziwa mnakunywaje? Yakitoka kwenye ng'ombe ya moto.

Hapo ushamaliza, ni bruselosisi, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Bado utatuma vipimo, bado utapiga picha ya mgongo, lakini jibu lilikuwa limekaa pale miezi minne linasubiri mtu aulize. Doksisaiklini wiki sita au zaidi na dawa ya pili juu yake, na mke na watoto waitwe wapimwe maana maziwa wanakunywa wote, na afisa mifugo apigiwe simu. Hiyo simu ya afisa mifugo ni sehemu ya matibabu, mtaona wenzenu wanacheka, pigeni tu.

Ruangwa mnaikumbuka? Lindi, mwezi wa saba 2022. Watu wanapata homa, kichwa, uchovu, halafu damu puani. Nchi nzima mitandao imewaka, kila mtu ana jina lake la ugonjwa, na kusema kweli hata sisi ndani tulikuwa tumeshika roho maana homa na damu kila mtu anawaza kilekile. Sampuli zikapimwa Ebola, hamna. Marburg, ndugu yake Ebola, hamna. Korona, hamna. Mngeishia hapo mngesema nini, ugonjwa wa ajabu? Waliendelea, wakakuta leptospirosisi, homa ya mgunda. Watu 20 waliugua, 3 wakafariki. Mdudu anatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, anakaa kwenye maji na matope, wewe unapita na mchubuko mguuni anaingia. Na dawa yake? Doksisaiklini au penisilini, vitu vya bei ya soda. Kwa hiyo ugonjwa uliotikisa nchi unatibika na kidonge kilichopo kwenye kabati la kila kituo cha afya, ilimradi mtu aufikirie mapema. Ukiuliza kwa ustaarabu shambani wanalima nini, maji yamesimama wapi, panya wako wangapi mwaka huu, unaufikiria.

Sasa niwaudhi kidogo. Watu wanadhani daktari wa fani yetu anaitwa ili aongeze dawa kali zaidi. Siku nyingi naitwa nikasimamishe. Mgonjwa kafika kwetu tayari kapita duka la dawa kanunua vidonge vinne vya antibayotiki, vinne, kwa sababu hela ilitosha vinne, kapita zahanati kachomwa seftriaksoni mbili, kafika hospitali ya wilaya ikaanzwa upya, na njia nzima hiyo hakuna mtu aliyetoa damu ya kuotesha maabara tuone ina bakteria gani. Sasa nikija mimi siku ya kumi na mbili niioteshe nitakuta nini?

Kuotesha damu nyie mtafanya kabla hata hamjawa mabingwa, kwa hiyo nisikilizeni. Unanawa. Unatafuta mshipa kwanza, ukishaupata ndo unasafisha ngozi kwa spiriti, halafu unaacha ikauke. UNAACHA IKAUKE. Hupulizi na mdomo, nimewaona. Hugusi tena pale na kidole kuhakikisha mshipa bado upo, nimewaona pia. Kifuniko cha chupa nacho unakifuta. Mtu mzima unatoa mililita 8 mpaka 10 kwa chupa, sio tone mbili za kumuonea huruma, unachukua sehemu mbili za mwili, na unachukua KABLA ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Dakika kumi. Hizo dakika kumi zinaamua kama wiki ijayo tutajua tunatibu nini au tutakuwa tunabahatisha.

Kwa nini nakazania? Muhimbili, 2001 mpaka 2002, walioteshwa damu watoto waliolazwa na dalili za maambukizi makali. Watoto waliokutwa na wale bakteria wa kundi la gramu hasi walikufa asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria asilimia 20.2. Yaani hao bakteria wanaua zaidi ya mara mbili ya malaria kwenye wodi ileile, na sehemu kubwa ya sababu ni dawa tulizozoea kuanza nazo zilikuwa haziwashiki. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kabla usugu haujafika hapa ulipo leo. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2019 ni watu milioni 1.27 waliokufa moja kwa moja kwa bakteria sugu, na Afrika kusini ya Sahara ndo iliumia zaidi. Kwa hiyo ukiniona nasimamisha dawa usiseme daktari huyu hamhurumii mgonjwa. Namhurumia na atakayelala kitanda hicho kesho.

Turudi kwa mzee Muyembe maana sijamaliza naye, na hapa ndo nataka wanaouliza inachukua miaka mingapi wasikie.

1995, anaitwa Kikwit. Wameambiwa ni kuhara damu, ni homa ya matumbo. Anafika anauliza, nani anaumwa? Anaambiwa wauguzi, na timu ya upasuaji. Timu ya upasuaji? Ndio, walimpasua mtaalamu mmoja wa maabara wakidhani utumbo umetoboka, na waliokuwa chumba kile wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Jamani, typhoid gani hiyo inamfuata daktari mezani? Swali moja tu hilo, nani anaumwa, na mzee akarudi Yambuku kichwani. Sampuli zikaenda nje, kweli, Ebola.

Mlipuko ukielekea ukingoni yeye na wenzake wakajiuliza kitu, waliopona si wana kingamwili? Wakachukua damu ya waliopona wakawaongezea wagonjwa 8. Wakapona 7. Mtu unafikiri dunia ilishangilia? Wataalamu wakubwa wakasema hamna kundi la kulinganisha, wagonjwa wachache, labda wangepona wenyewe. Na kisayansi walikuwa na hoja, tusidanganyane. Lakini mzee hakuliacha swali lake. Kongo, vita, maabara haina umeme wa uhakika, mwaka 1998 anapewa kuongoza taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, INRB, anaijenga polepole. Miaka inaenda. Damu ya manusura mmoja wa Kikwit ikaja kutolewa kingamwili, wakishirikiana na wanasayansi wa taasisi za afya za Marekani, ikatengenezwa dawa. Mwezi wa kumi na moja 2018 jaribio likaanza, sasa lina makundi ya kulinganisha, lina kila kitu walichokidai, na likafanyika wapi? Beni, Butembo, Kivu huko mashariki ya Kongo, kwenye mlipuko mwingine wa Ebola, wagonjwa wanaeleweshwa kwa Kiswahili kabla ya kuweka saini. Mwezi wa nane 2019 wakasimamisha makundi mawili kati ya manne kwa sababu tofauti imeshaonekana, kwenye dawa hizo mbili zilizosimamishwa wanakufa karibu nusu, kwenye mbili zilizobaki, mojawapo ile ya Kikwit, ni kama theluthi, na waliowahi kuja virusi vikiwa bado vichache damuni alikufa kama mmoja kati ya kumi. Ebola hiyo! Desemba 2020 Marekani wakaidhinisha ile yenye asili ya Kikwit.

Kwa hiyo ukiniuliza inachukua miaka mingapi, swali la 1995 lilijibiwa 2019. Ndo miaka yake.

Na msidhani dawa ilimaliza kazi kule Kivu. Mlipuko ule ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, na kipindi chote hicho vituo vya matibabu vinachomwa moto, daktari wa WHO raia wa Kameruni anauawa kwa risasi Butembo mwezi wa nne 2019. Watu walikuwa wameuana pale miaka na miaka hakuna aliyekuja, leo mgonjwa wa Ebola mmoja magari meupe mia. Wewe ungekuwa wa Beni usingeuliza? Maswali yao yalikuwa halali na muda mrefu hakuna aliyekaa chini kuyajibu. Tunawauliza watu wamekula nini, wamelala na nani, wamemzika nani, halafu wao wakituuliza swali moja tunawaita wakorofi. Hiyo nayo mtajifunza, na hakuna somo lake kwenye ratiba yenu, mtajifunzia kwenye baraza za watu.

Sasa hili la mwisho mama zenu ndo wangelitaka niliseme. Hatari ipo. Uganda, Gulu, hospitali ya Lacor, Oktoba 2000. Dakta Matthew Lukwiya alikuwa Kampala anasoma, akapigiwa simu wanafunzi wa uuguzi wanakufa. Akarudi. Akakesha na mafaili ya waliokufa, faili kwa faili, akaona ule mfanano na Ebola, akatoa taarifa bila kusubiri kibali cha mlolongo mzima, na hiyo haraka yake iliokoa watu wasiohesabika. Waliugua 425, wakafa 224. Yeye alifariki tarehe 5 Desemba 2000, baada ya usiku mmoja alipokimbia kumhudumia muuguzi mwenzake aliyekuwa anatoka damu nyingi, kavaa vyote isipokuwa miwani.

Juzi juzi hapa, 2022, daktari kijana Mtanzania aliyekuwa anasomea upasuaji Uganda alikufa kwa Ebola aliyoipata kazini. 2023 Bukoba Vijijini, Marburg, wagonjwa 9 wakafa 6, na kati ya hao sita yumo mhudumu wa afya. Siwatishi. Nawaambia kwamba anayekufa mara nyingi ni yule aliyeitwa haraka, usiku, kwa mgonjwa aliyeandikwa ugonjwa wa kawaida. Kwa hiyo kuuliza ni kinga yako pia, sio ya mgonjwa tu. Ametoka wapi? Amemuuguza nani? Kuna msiba nyumbani kwao? Waliozika wakoje? Sekunde ishirini ukiwa umesimama hatua mbili nyuma, kabla hujamgusa.

Lakini wengi wenu hamtakutana na Ebola. Mtakutana na sindano iliyokuchoma saa kumi alfajiri umechoka, na humo ndani kuna homa ya ini B, ambayo inaambukiza kwa sindano kirahisi kuliko VVU. Ukichomwa acha kazi, osha kwa maji na sabuni, usikamue, nenda katoe taarifa, dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya masaa machache na isizidi 72. Usione aibu, usisubiri zamu iishe. Na homa ya ini B ina chanjo, dozi tatu, ya leo, ya mwezi mmoja, ya mwezi wa sita. Hebu nyoosheni mikono waliomaliza zote tatu.

Mnaona? Hata nusu hamfiki, na Jumatatu mnaingia wodini. Matroni nimemuomba akae pale mlangoni na boksi la baridi na daftari. Mwaka wa tatu mtangulie, mpange mstari upande wa kushoto, mikono ya mashati mkunje kabisa msimcheleweshe mama wa watu, na anayeogopa sindano aje kwangu kwanza tuongee. Maswali tutachukua huku foleni inasogea, wewe kaka wa miwani umenyoosha mkono muda mrefu, anza.